Transfoma Iliyoruka Isaka

Siku nilipokabidhi funguo za karakana, mmoja wenu aliniuliza kwa nini miaka yote nimesuka transfoma nikiwa nimekaa sakafuni kwenye mkeka, ilhali meza zipo na viti vipo. Nilimjibu kwamba ni mgongo. Mgongo wangu hauna neno. Nilikuwa nakimbilia pilau ya kuagwa kabla wageni rasmi hawajaimaliza, na jibu lenyewe ni refu. Sasa nimestaafu, pilau imekwisha, na muda ninao.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo katika karakana yetu vilikuwa viwili tu, fundi na anayesubiri kuitwa fundi, na mshahara ukiuandika unazidi kuwa mdogo.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Shinyanga, nyuma ya duka la Bwana Manu. Mbele aliuza redio, betri, nyuzi za cherehani na taa za chemli. Nyuma kulikuwa na chumba chenye dirisha moja, na hicho ndicho tulichokiita karakana. Bwana Manu alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapohapo. Baba yake alikuja kununua pamba akabaki. Yeye Manu alijua Kisukuma cha kutosha kukataa bei yoyote. Mjomba wangu alinipeleka kwake akamwambia, huyu Milembe amemaliza kidato cha nne na anajua mambo ya umeme. Nilichojua kuhusu umeme ni kwamba unaua.

Siku ya kwanza nilipewa chuma cha kulehemu na redio moja mbovu ambayo mwenyewe alikwisha kuitelekeza, ili nikiiharibu asije mtu kulalamika. Nikaiharibu. Niliunguza vidole viwili na sketi ya shule niliyokuwa nimeigeuza ya kazini. Mzee aliyekaa pembeni akisuka koili aliendelea na kazi yake mpaka jioni, ndipo akaniambia kuwa risasi ya kulehemu haipakwi kama siagi, bali unapasha moto mahali unapotaka ikae, nayo inakwenda yenyewe. Nimewaambia maneno hayohayo kila mwaka, na kila mwaka yupo mmoja anayepaka siagi.

Huyo ndiye Mzee Luhende, aliyenifundisha kazi. Ujanani alilima katika kundi la bugobogobo, wale wanaokodiwa kulima shamba la mtu wakiwa wamejipanga mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka kwa mpigo wa ngoma. Baadaye aliajiriwa kwenye kinu cha kuchambulia pamba, akajifunza kusuka mota zilizoungua. Alipotoka huko Bwana Manu akamchukua, maana transfoma za kununua zilitoka mbali na hazikuwa za saizi tuliyoitaka.

Vifaa vyetu mngevicheka. Tulikuwa na testa moja ya mshale, ambayo kioo chake kilishikiliwa na gundi ya viatu. Chuma cha kulehemu cha umeme kilikuwepo, na cha pili kilikuwa kipande cha shaba chenye mpini, cha kuwekwa kwenye jiko la mkaa umeme ukikatika, na ndicho kilichofanya kazi zaidi. Waya wa shaba tulifungua kutoka mota mbovu, tukaunyoosha na kuuviringisha kwenye magunzi ya mahindi, mwembamba huku, mnene kule. Mzee Luhende alikuwa mkali juu ya magunzi yale kuliko juu ya watu.

Lakini kitu cha ajabu kilikuwa namna yake ya kuhesabu mizunguko ya waya, ambayo ndiyo inayoamua transfoma itoe umeme kiasi gani. Hakuhesabu kwa namba. Alikuwa na wimbo wa zamani wa kulimia, unaotaja vijiji ambavyo kundi lao lilipita likilima. Kila kijiji kilikuwa na ubeti wake, na beti zote zilikuwa na urefu mmoja. Mpigo mmoja, mzunguko mmoja. Unaanzia Shinyanga, unakwenda Didia, Tinde, Isaka, unafika Kahama, na kama transfoma ni kubwa unaendelea mpaka Bugarama. Ukimuuliza transfoma ya redio ya aina fulani inataka mizunguko mingapi, atakujibu, "Hiyo inaishia Tinde." Nilidhani ananitania. Nikajaribu kuhesabu kwa namba kama nilivyofundishwa shuleni, nikapotea kila mara mtu alipouliza bei ya betri. Baada ya wiki chache nami nilikuwa nalima.

Na watu walikuja wakati wowote. Mnajua kwetu mzee akiingia hasalimiwi kwa neno moja tu ukaendelea na shughuli zako. Unaitika, unaulizwa habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, nawe unauliza zake. Mzee Luhende hakuwahi kusimamisha koili kwa ajili hiyo. Alikuwa anaitika ndani ya wimbo, kwa sauti ileile na mpigo uleule, kama walivyofanya shambani mpita njia anapowasalimu: anampokea kwenye ubeti, anamuuliza hali, anamsindikiza, na waya haujasimama. Wageni walipenda sana. Mimi hilo sikuliweza, na si kwa sababu ya sauti. Mwanaume anaweza kuitika akiwa amekaa. Mimi mzee akiingia lazima nishuke kwenye kiti nipige goti. Nilikuwa nabana waya kwa kibanio cha nguo, nashuka, namsalimu mtu vizuri, napanda tena, natafuta nilikuwa kijiji gani.

Kazi nyingi zilitoka machimboni. Wachimbaji wa Nyarugusu na kule Bugarama walipenda redio kubwa, na waliziua haraka kwa vumbi jekundu na betri zilizovuja. Mmoja alituletea redio iliyojaa mchanga, akatukataza kuupuliza, kwa sababu redio ilikuwa ikikaa kwenye mdomo wa duara, yaani shimo lao la dhahabu, na huwezi kujua. Tulimtengenezea redio na kumrudishia mchanga wake kwenye karatasi ya gazeti. Hakuja tena, kwa hiyo ama redio ilipona ama mchanga ulikuwa mzuri.

Sasa nifike kwenye CD. Katikati ya miaka hiyo, mjini Shinyanga, CD ilikuwa kitu cha kuonyeshwa wageni. Bwana Manu alikuwa na maradhi ya kusikiliza muziki ambayo hayana dawa. Hakutaka kununua mashine ya dukani. Alitaka aiunde mwenyewe. Aliagiza kwa ndugu zake kifaa cha ndani kinachozungusha CD na jicho lake la kusomea, akapata na bodi yake, akamwomba fundi seremala amchongee sanduku la mninga. Sanduku hilo lilikuwa linasoma tu. Kazi ya kugeuza kilichosomwa kuwa sauti ilifanywa na kisanduku cha pili, nacho kikapeleka kwenye amplifaya. Nilimuuliza kwa nini visanduku viwili wakati kaseti inakaa kwenye kimoja. Alinitazama kwa huruma.

Lilisoma, ila Bwana Manu hakuridhika. Alisema sauti ina ukungu. Kila alipobadilisha kitu alituita, akatuketisha mbele ya spika, akauliza, "Umesikia tofauti?" Mzee Luhende alijibu ndiyo kila mara ili arudi kazini. Mimi nilijibu sijasikia, kwa sababu sikusikia. Kapasita mpya, sijasikia. Waya mnene, sijasikia. Nadhani aliniheshimu kwa hilo, ingawa lilimkera.

Mwishowe aliamua kwamba ubaya uko kwenye umeme wa sanduku, na hapo, niseme kweli, alikuwa sahihi. Ndani ya sanduku kulikuwa na transfoma moja tu, iliyotolewa kwenye redio ya zamani. Hiyo moja ililisha mota inayozungusha CD, na ikalisha jicho na bodi ya kusomea. Mota ikivuta ghafla, umeme unazama kidogo, na jicho linatikisika. Ni sawa na nyumba yenye bomba moja: mtu akifungua maji ya kufulia, anayeoga anabaki na sabuni machoni. Bwana Manu alitaka kila upande uwe na transfoma yake, daiodi zake, kapasita zake na kidhibiti chake cha volti. Tukaanza kukusanya vifaa polepole, bila haraka, kwa kuwa ilikuwa starehe ya mtu mmoja.

Haraka ililetwa na Mama Minza.

Aliingia dukani asubuhi moja na mtoto mgongoni, ametoka Nyarugusu, na kwenye kitenge amefunga CD moja kama mtu anayebeba yai. Mume wake, Jilala, alikuwa manju wa ngoma, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na wakati wa kiangazi baada ya mavuno watu walitembea mbali kumsikiliza. Mvua zikianza alikuwa mchimbaji kama wengine. Miaka ya nyuma padri mmoja mgeni aliyekuwa akikusanya nyimbo alimrekodi kwenye kaseti, kisha akarudi kwao. Duara lilimtitia Jilala akiwa chini. Wenzake walichimba mpaka wakakata tamaa, hakutoka. Habari zilipomfikia yule padri, aliguswa, akahamisha rekodi kwenye CD, kwa kuwa ndiyo ilikuwa bora kuliko vyote, akaituma kwa mjane ambaye nyumbani kwake hakukuwa na umeme. Nia ilikuwa njema kabisa.

Mama Minza aliipeleka Kalangalala, Geita mjini, kwa watu wawili waliokuwa na mashine. Kote CD ilizunguka ikasimama. Wa pili alimwambia haina kitu. Shemeji zake wakamwambia aache kuhangaika na kioo kitupu. Mtu mmoja akamtajia Mhindi wa Shinyanga mwenye sanduku la mbao, naye akapanda lori la mizigo akaja.

Bwana Manu aliigeuza CD dirishani akaniita nione. CD za kiwandani mgongo wake unang'aa kama kioo kipya. Hii ilikuwa ya kijanikijani, kwa sababu iliandikwa na mashine ya mtu, nayo inarudisha mwanga hafifu. Jicho linaisoma kwa shida. Tukaiweka kwenye sanduku, ikazunguka, ikasimama. Bwana Manu alimweleza kwamba huenda si tupu. Umeme wa sanduku ukitulia, jicho linaweza kuiona, ila ahadi hawezi kutoa. Akamwambia aturudie mwisho wa wiki.

Mama Minza alifikia kwa dada yake, mtaa wa Ngokolo, lakini hakusubiri mwisho wa wiki. Alikuja kila siku, akaketi kwenye gunia la karatasi karibu na mlango wa karakana, akamnyonyesha mtoto, akatutazama. Siku ya pili nilimuuliza ana haraka ya nini, maana CD haiozi. Alinijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia.

"Asubuhi ile tuligombana. Aligawa kuku wangu kwa wenzake wa duarani bila kuniuliza. Akasimama mlangoni anaondoka, akanisalimu, Mwangaluka, kama kawaida yake. Mimi napepeta dengu. Sikuitika. Akasubiri kidogo, akaenda."

Nikamwambia watu wa nyumba moja hugombana. Akasema anajua.

"Ila ndiyo sauti yake ya mwisho niliyobaki nayo. Usiku na mchana, ananisalimu, nimenyamaza. Nataka nisikie akiimba, ile itoke masikioni. Na huyu mtoto, niliyekuwa na mimba yake siku ile, hajawahi kumsikia baba yake hata mara moja."

Nikamwomba anishikie gunzi la waya. Nami niliumia, nisiwafiche. Nilikwenda kwa Bwana Manu nikamwambia transfoma zote mbili nitazisuka mimi wiki hiyohiyo, na redio za wateja zitasubiri.

Kwenye kila transfoma, upande unaopokea umeme wa mji tuliuacha kama ulivyo, tukabadilisha upande wa kutolea tu. Ya mota nilisuka kwanza, waya mnene, inaishia Didia. Mzee Luhende aliisimamia na kuipitisha. Ya kusomea ilikuwa ya waya mwembamba na inaishia Kahama. Siku ya kuisuka, Mzee Luhende alikwenda msibani, na Bwana Manu alikuwa mbele akiuza. Nikajifungia na wimbo.

Nilipita Shinyanga, nikapita Didia, nikamaliza Tinde vizuri. Nilipotaka kuingia Isaka, akaingia mzee mmoja mfuga ng'ombe, mteja wetu wa siku nyingi, na redio yake kwapani. Nikabana waya, nikashuka, nikapiga goti, shikamoo, marahaba. Alikuwa ametoka Isaka, mnadani. Nikamuuliza habari za Isaka. Akanipa zote: bei za ng'ombe Isaka, visima vya Isaka, arusi ya Isaka ambayo nyama haikutosha. Nami niliuliza kila linalopasa kuulizwa. Alipotoka nikapanda kitini, nikaondoa kibanio, na kichwani mwangu Isaka ilikuwa imekwisha kupita. Nikaanza Kahama.

Nilipima kwa testa asubuhi iliyofuata, transfoma ikiwa haijabebeshwa mzigo, na umeme wa mji wakati huo wa asubuhi ulikuwa umenona. Mshale ulikaa karibu na pale nilipopataka. Karibu. Likumbukeni neno hilo, kwa sababu mafundi wengi huzikwa nalo. Mimi na Bwana Manu tukafunga kila kitu: daiodi, kapasita kubwa mbili tulizozitoa kwenye televisheni iliyopigwa na radi, vidhibiti viwili vya volti kwenye vipande vya bati vya kupozea joto. Bwana Manu alijaribu CD yake ya nyimbo za ibada ikasoma bila kusita. Akaniuliza kama nimesikia tofauti. Nikamwambia sijasikia.

Tulimwita Mama Minza alasiri. Aliketi mbele ya spika na mtoto mapajani. Bwana Manu akaweka CD ya kijani, akafunika. Ilizunguka. Kisha, kwenye kioo kidogo cha mbele, ikatokea namba, kuonyesha kwamba ndani mna vipande vitatu. Bwana Manu aliigonga meza kwa furaha, akamwambia, mama, hii si tupu. Akabonyeza. Kwenye spika pakasikika upepo, halafu mtu akakohoa, mara moja tu. Halafu kimya. Namba zikafutika.

"Huyo ni yeye," alisema Mama Minza.

Tulijaribu tena na tena. Namba zilikuja zikaondoka, na safari zingine hazikuja kabisa. Bwana Manu alianza kuilaumu CD, kisha jicho, kisha ndugu zake waliomletea jicho. Mama Minza alikuwa anaitazama spika, na mimi nilishindwa kumtazama yeye.

Mzee Luhende alirudi kutoka msibani akatukuta hivyo. Hakugusa sanduku. Alichukua testa akapima huku CD ikizunguka, akaangalia mshale unavyolala. Mashine za kusaga za mtaa wa pili zilikuwa zimewashwa, kama zinavyowashwa kila alasiri, na umeme wa mji ulikuwa umeshuka. Transfoma yenye mizunguko kamili ingevumilia. Yangu ilikuwa imeanza na njaa, na kidhibiti hakiwezi kudhibiti kisichokuwepo. Aliweka testa chini akaniuliza nilipokuwa nasuka aliingia nani. Nikamwambia. Akauliza mzee yule alikuwa anatoka wapi.

"Basi umeruka Isaka," akasema. "Umeisalimia, hukuilima."

Bwana Manu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nilisema kwa hasira kwamba nitaandika kibao nikitundike mlangoni: anayenikuta nasuka asinisalimu, asubiri nimalize. Nilikuwa tayari nimeshika kalamu na kipande cha boksi. Mzee Luhende alinipokonya boksi taratibu.

"Waya utaufungua uusuke tena kesho. Salamu ya mtu ikishapita, utaifungua wapi?"

Hakujua habari za ile salamu ambayo Mama Minza hakuiitikia, hakuna aliyemwambia. Mama Minza alikuwa palepale mbele ya spika. Aliinamia mtoto akamfunga vizuri mgongoni, akasema atarudi asubuhi.

Asubuhi na mapema nilitandika mkeka sakafuni. Hilo ndilo jibu la swali lenu. Niliwaza kwamba aliyekwisha kukaa chini hana pa kushukia. Mzee akiingia, nageuza tu magoti, naitika, na mikono haiachi waya. Wala sikubuni jambo kubwa, nilikuwa nimechoka kupanda na kushuka. Nilifungua ubeti wa Kahama wote, nikarudi mwisho wa Tinde, nikalima Isaka mpaka mwisho wake, nikaimaliza Kahama. Mzee Luhende alikaa kitini akiniitikia kiitikio. Katikati aliingia mama wa maziwa kutusalimu, nikamwitikia ndani ya wimbo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, vibaya, naye akacheka akaenda zake. Waya haukusimama.

Safari hii nilipima ikiwa na mzigo. Bwana Manu aliunganisha na mashine ya kaseti kwenye sanduku, waya kwa waya, ili ikisoma basi inakiliwe hapohapo, na Mama Minza aondoke na kitu anachoweza kukipiga kwa betri. Mama Minza aliketi. Namba zikaja zikakaa. Bwana Manu akabonyeza.

Upepo. Kikohozi. Kisha hatua za mtu kwenye changarawe na mlango wa gari ukifungwa. Inaelekea yule padri aliwasha mashine yake mapema, alipokuwa anapokelewa uani, wala hakuona haja ya kukata sehemu hiyo. Bwana Manu alijua kwamba huo si muziki, akanyoosha kidole aruke kwenda kipande cha pili. Nilimshika mkono. Sijui kwa nini nilimshika.

"Mwangaluka," ikasema sauti ya mwanaume kwenye spika. Ilikuwa safi, karibu, kana kwamba amesimama kwenye mlango wa karakana.

Mama Minza alishuka kwenye kiti. Alipiga goti mbele ya spika, mikono imekutana, macho chini, mtoto amelala mgongoni.

"Mwangaluka, baba Minza," akaitika.

Yule padri naye aliitika kwenye rekodi, kwa Kisukuma cha kujifunza, mbali na kinasa sauti, lakini Mama Minza alikuwa amemtangulia. Sauti ikauliza hali. Akajibu, mhola, salama tu. Ikauliza habari za nyumbani. Akajibu salama, mtoto hajambo, ameota meno. Ikauliza habari za safari. Akajibu njia ilikuwa nzuri. Aliitika yote, hakuruka hata moja, kwa sauti ya mke anayemwitikia mumewe asubuhi ya siku yoyote. Kaseti ilikuwa inanakili kwa waya, kwa hiyo sauti yake yeye haimo humo. Mzee Luhende alikuwa amevua kofia. Nami nilikuwa nalia wazi, na mikono yangu ina vanishi ya kupaka koili, siwezi kujifuta.

Ngoma zilipoanza, Jilala akatoa sauti ya kwanza ya wimbo, Mama Minza aliinuka akakung'uta magoti. Tulidhani atataka tuongeze sauti. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkalisha mbele ya spika amsikie baba yake, kisha akasimama kando.

"Nyimbo zake nazijua zote," akasema. "Nilidhani nimefuata wimbo."

Bwana Manu alisubiri mpaka kipande cha tatu kikaisha na kaseti ikatoka. Mama Minza aliifunga kwenye kitenge pamoja na ile CD, akatuaga mmoja mmoja, mzee kwanza, akaenda kutafuta lori la Geita. Bwana Manu alizima sanduku lake la mninga, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo, akakohoa.

"Milembe," akaniuliza, "umesikia tofauti?"

Nikamwambia nimesikia.